Sherehe ya kikapu Kigoma: mwongozo kamili, kuanzia ringi hadi keki

Sherehe nyingi za watoto zinazoitwa za mpira wa kikapu huwa na maputo ya rangi ya chungwa, keki yenye mistari myeusi, na watoto ambao kutwa nzima hawajaingiza mpira kikapuni hata mara moja. Mara nyingi chanzo ni ringi iliyo juu mno. Mtoto wa miaka tisa akirusha mara sita mpira usiguse hata chuma, anaacha kikapu na kuanza kukimbiza maputo. Kwa hiyo tunaanza na ringi na tunaikalia muda mrefu. Mapambo yatapata aya moja, nayo inatosha.

Hesabu zote hapa ni za watoto 20 wa miaka 8 hadi 13 na watu wazima 10. Wakiongezeka, zidisha chakula na maji. Ringi ibaki moja, ila wakipita 25 weka ya pili.

Tarehe na saa

Kigoma mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Ukipanga sherehe ndani ya miezi hiyo, uwe na ukumbi au turubai la dharura. Mei hadi Oktoba ni kukavu, ila kuna vumbi, na mchana upepo wa ziwa huinuka na kubeba sahani za karatasi.

Kuhusu saa, ratiba ya Dar es Salaam usiihamishe kama ilivyo. Saa ya nchi nzima ni moja, lakini Kigoma iko mbali magharibi, kwa hiyo jua linafika utosini karibu saa saba mchana na kuzama karibu saa moja jioni. Saa nane na saa tisa bado ni kali mno kwa kukimbia. Upande mwingine, una mwanga wa kutosha hadi saa kumi na mbili na nusu, wakati Dar miezi mingi jua limekwisha kuzama.

Ratiba inayofanya kazi ni ya robo nne, kama mechi yenyewe. Saa tisa na nusu wageni wanaingia na kukaa kivulini, wanavalishwa rangi za timu na kuanza na michezo midogo ya kudunda. Kama saa kumi na dakika ishirini pumzika: wanaosali alasiri wasali, wengine wanywe maji na kujibu maswali ya chemshabongo. Kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja na nusu ni mashindano. Baada ya hapo chakula, keki saa kumi na mbili kasorobo, na saa kumi na mbili na nusu watoto wanaagana, wafike makwao kabla ya magharibi.

Urefu wa ringi na namba ya mpira

Ringi rasmi ina urefu wa mita 3.05 kutoka chini, sawa na futi 10. Huo ni urefu wa watu wazima. Katika kikapu cha watoto ringi huwekwa mita 2.60 na hutumika mpira namba 5. Kwa sherehe, watoto wa miaka 8 na 9 wape mita 2.40; wa miaka 10 hadi 12 mita 2.60, kuanzia miaka 13 unaweza kupandisha hadi 3.05. Kundi likiwa na mchanganyiko, chagua 2.60. Wakubwa watafunga kirahisi, na hilo si tatizo hata kidogo.

Mpira namba 7 ni wa wanaume, namba 6 wa wanawake, namba 5 wa watoto. Namba 7 mikononi mwa mtoto wa miaka minane ni sawa na kumpa boga arushe: atautupa kwa mikono miwili kutoka kifuani na vidole vitaumia. Tafuta mipira minne, angalau miwili iwe namba 5. Kwa uwanja wa udongo nunua ya raba, kwa kuwa ya ngozi hukwanguka na kuharibika mapema.

Ijaze siku moja kabla. Lowesha sindano ya pampu kwa maji kabla ya kuichomeka, kwani sindano kavu huchana vali na mpira utavuja sherehe nzima. Kipimo cha haraka: uachie kutoka usawa wa kichwa, urudi hadi kiunoni au juu yake kidogo. Pima kwenye uwanja utakaochezea, maana mpira unaodunda vizuri kwenye sakafu ya saruji unaweza kufa kabisa kwenye mchanga.

Kumpa fundi kazi ya ringi

Ukipata uwanja wa shule wenye nguzo, nusu ya kazi imekwisha, ingawa ringi ya pale huwa 3.05. Kama unatengeneza mwenyewe, mpe fundi wa kuchomelea vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi. Akikadiria kwa jicho atatoka na ringi ya sentimita 38, na hapo hata mtupo mzuri unagonga chuma na kutoka.

Ringi: kipenyo cha ndani sentimita 45. Kwa chuma cha mviringo cha milimita 16, kata kipande cha sentimita 147, kikunjwe, kisha ncha ziunganishwe na kusuguliwa. Omba chuma laini kisicho na meno. Nondo ya kawaida ya ujenzi hukata kamba za wavu na kukwaruza mikono. Chini ya ringi achomelee vijipete 12, kimoja kila sentimita 12 hivi. Viwe vimefungwa kabisa. Kikiachwa wazi kama ndoano, kidole cha mtoto kitanasa humo.

Ubao: plaiwudi ya milimita 18. Kutoka kwenye shiti ya futi 8 kwa 4 unapata ubao wa sentimita 122 kwa 90 na masalio. Upake rangi ya mafuta pande zote mbili na hasa kingo, ambako maji huanzia kuingia. Chora mstatili wa kulengea, upana sentimita 59 na kimo 45, msingi wake ukiwa usawa wa ringi. Ukingo wa chini wa ubao ushuke sentimita 15 chini ya ringi.

Kati ya ubao na ukingo wa ndani wa ringi iwepo nafasi ya sentimita 15. Mafundi wengi huibandika ringi kwenye ubao moja kwa moja kwa sababu ni rahisi, na matokeo yake mpira unaogonga ubao huruka juu ya ukingo wa mbele. Ringi pia isishikwe na mbao peke yake. Bolti zipite kwenye plaiwudi hadi kwenye fremu ya chuma iliyo nyuma, la sivyo mtoto wa kwanza kuning'inia ataing'oa pamoja na kipande cha ubao.

Nguzo: bomba la inchi 3 la mita 6. Kata mita 4 za nguzo. Mita 2 zilizobaki ndizo za mkono na tegemeo lake la mshazari. Mkono uusogeze ubao mbele ya nguzo angalau sentimita 60, ili anayekimbilia kufunga asijigonge. Ubao ushikwe kwa bolti za U, uweze kushushwa na kupandishwa. Mwakani mtoto atakuwa amerefuka.

Chimba shimo la sentimita 45 kwa 45, kina 70. Zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto hulijaza kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hivi. Liache siku saba kabla ya mtu kucheza, ukilimwagia maji asubuhi na jioni. Anayemwaga zege Alhamisi kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi atakuta nguzo imeinama. Fungia nguzo vipande vya godoro la sponji hadi kimo cha mita 1.8.

Usiyetaka kuchimba, tumia mwembe wenye shina lililonyooka. Funga fremu kwa kamba nene au mikanda, usipigilie misumari. Hakikisha hakuna tawi kwenye njia ya mpira kuelekea ringi. Kutoka chini matawi huonekana kuwa juu kuliko yalivyo.

Wavu usiagize mbali. Kigoma ni mji wa wavuvi, na wanaoshona nyavu Kibirizi au Katonga watakufanyia kazi hiyo kwa nusu saa. Wavu wa dagaa haufai, macho yake ni madogo na uzi mwembamba. Omba kamba ya nailoni ya milimita 4, vitanzi 12 juu, urefu wa sentimita 40 hadi 45, na mdomo wa chini uwe mwembamba kuliko wa juu. Ujaribu kwa mpira wenyewe: unatakiwa usite kidogo kisha uanguke. Ukinasa, legeza safu ya mwisho. Kuna wanaouruka wavu wakidhani ni pambo, kumbe bila wavu watoto hubishana kila mara kama mpira umepita ndani au pembeni.

Uwanja wenye mteremko

Mji umekaa vilimani, kwa hiyo ua ulio bapa kabisa ni bahati. Weka nguzo upande wa juu wa mteremko ili mpira uliokosa uwarudie wachezaji wenyewe. Ukiweka upande wa chini, kwa kila mtupo uliopotea utaufukuza mpira hadi barabarani. Chini kabisa, nyuma ya wachezaji, tandaza wavu mkuukuu wa kuvulia kwenye vigingi, kimo cha mita moja.

Mteremko unabadili pia kimo cha ringi. Anayerusha akiwa mita 4 chini ya nguzo anaweza kuwa sentimita 20 chini ya shina lake, na ringi yako ya 2.60 kwake ni 2.80. Pima kimo kutoka kwenye mstari wa kurushia. Bomba laini la maji linalopitisha mwanga, lile la mafundi ujenzi, utakuonyesha tofauti mara moja. Ukizidi sentimita 20 kwa mita 4, sawazisha au hamia kwingine.

Fagia, okota misumari na vigae vya chupa, mwagia maji asubuhi, shindilia, halafu nyunyizia tena saa sita mchana. Ukimwagia saa tisa utapata tope.

Mistari chora kwa majivu yaliyochekechwa. Chokaa huunguza macho, na watoto huanguka. Funga kamba ya mita 4 kwenye kigingi kilichopo chini ya ringi, zungusha, umepata nusu duara. Ndani yake weka mstari wa mita 3 kwa wadogo.

Timu na michezo

Gawa timu nne za watoto watano. Usiwaache wachaguane, kwani marafiki wakubwa watajikusanya upande mmoja. Wapange mstari kwa kimo, kisha hesabu moja, mbili, tatu, nne. Yadi moja ya kitambaa chenye upana wa inchi 45 inatoa mikanda sita ya sentimita 15. Rangi nne, yadi moja kila rangi, na kila timu ina mkanda wa akiba.

Anza na mbio za kudunda. Chupa sita za lita moja na nusu zilizojaa mchanga, umbali wa mita moja na nusu kati yake. Mtoto anadunda mpira akizipinda, anageuka, anampa mwenzake. Anayebeba mpira mikononi anarudia chupa ya mwisho tu, si safari nzima; adhabu ya kuanza upya huua mchezo timu nzima.

Kisha mitupo ya sekunde 60: vituo vitano kwenye nusu duara, timu nzima inazunguka, kila mpira unaoingia pointi moja, unaogonga ubao ndani ya mstatili nusu pointi. Hiyo nusu ndiyo inayowashikilia wasiojua kurusha.

Mashindano yenyewe ni watatu kwa watatu, ringi moja. Huu ni mchezo rasmi ulioingia Olimpiki Tokyo, na unafaa ua wa nyumbani kuliko mechi ya watano. Kanuni ya msingi ni kwamba timu iliyonyang'anya mpira au kuudaka baada ya wapinzani kukosa lazima iutoe kwanza nje ya nusu duara kabla ya kufunga. Rasmi huchezwa dakika 10 au hadi pointi 21. Hapa cheza dakika 5. Timu nne zikikutana zote ni mechi sita, na pamoja na kubadilishana ni kama dakika 40. Kila timu ina watano na wanacheza watatu, hivyo mwamuzi apige filimbi kila dakika moja na wawili waingie. Ukiacha watoto wajibadilishe wenyewe, kuna atakayekaa nje mpaka mwisho.

Mchezo wa kutoana, ambapo aliye nyuma akifunga kabla yako unatoka, una raha, lakini wadogo ndio hutoka kwanza na kubaki watazamaji. Uchezwe mwishoni, na anayetoka apewe filimbi ya mwamuzi.

Wadogo zao wa chini ya miaka sita watakuja tu, hata kama hukuwaalika. Wawekee matenga juu ya viti, kimo cha mita moja, na mipira midogo. Kwanza ndiyo asili ya mchezo: mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts, James Naismith alitundika vikapu vya mapichi vyenye vitako, na kila baada ya kufunga ilibidi mtu apande kuutoa mpira. Kiswahili kimelishika jina lile lile hadi leo.

Mwalike mtu mzima mmoja, au kijana wa sekondari anayecheza, awe mwamuzi pekee. Wazazi wawili wakichezesha pamoja watagombana wao kabla ya watoto.

Kidole kikipigwa na mpira, kitie kwenye maji ya barafu dakika 10 hadi 15 na usikivute. Kikipinda au kuvimba sana, ni hospitali. Kwenye mwaliko andika wazi: raba, si kandambili.

Maswali ya mapumziko yawe mafupi. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani? Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies. Ligi ya kikapu ya Afrika ilianza mwaka gani, mji gani? 2021, Kigali. Kikapu cha wanaume kiliingia Olimpiki lini? 1936, Berlin, cha wanawake 1976.

Chakula

Kwanza maji: lita 40, yaani madumu mawili, yaliyochemshwa na kupozwa tangu jana yake. Soda kreti moja na nusu, zitolewe wakati wa chakula tu. Mtoto aliyekunywa soda kisha akakimbia atakutapikia uwanjani.

Wali au pilau, kilo 3 za mchele zinatosha. Migebuka ya kukaanga, samaki wa Ziwa Tanganyika, wape watu wazima. Watoto wenye haraka na miba havipatani. Kwa watoto tengeneza mipira ya viazi lishe, vile vya njano ndani. Kilo 3 hutoa mipira 60. Vipike kwa mvuke na maganda yake. Ukivichemsha vinanyonya maji na mipira itapasukia kwenye mafuta. Ponda vikiwa vya moto, tia chumvi, tangawizi, ndimu na gramu 200 za unga wa muhogo, acha vipoe, kisha finyanga ukubwa wa ndimu. Chovya kwenye uji mzito wa unga wa dengu wenye binzari, kaanga kwa moto wa wastani. Chemsha ukwaju na sukari hadi uwe mzito kama asali, kisha chora mistari kwa ncha ya kijiko.

Mandazi nayo yanapata rangi bila dawa yoyote: vijiko viwili vya mawese kwenye kilo moja ya unga, badala ya mafuta meupe. Yakizidi vijiko vitatu ladha inatawala, na wageni wasiozoea watayaacha.

Bisi, nusu kilo ya mahindi ya bisi inajaza koni 30 za karatasi. Mahindi ya kawaida hayapasuki vizuri, usijisumbue.

Keki

Umbo la mpira kamili ni gumu kuoka kwenye mkaa, ndani hubaki mbichi. Oka duara mbili za inchi 10 uzipandanishe. Unga gramu 500, sukari 400, majarini 400, mayai 8, hamira ya keki (baking powder) vijiko vinne vya chai, maziwa mililita 150. Kwenye sufuria kubwa yenye mchanga uliopashwa, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, dakika 40 hadi 45. Makaa ya chini yakizidi, kitako kinaungua wakati katikati bado inatikisika.

Krimu ya kuchapwa haiwezi joto la mchana hapa. Tumia majarini gramu 250 na sukari ya aisingi 500. Anza na rangi ya njano, kisha nyekundu tone kwa tone, kama tone moja kwa manne ya njano, na uache kabla hujafika rangi unayotaka, maana baada ya saa moja huiva zaidi. Mistari ifanye kwa kakao: gramu 100 za aisingi hiyo na vijiko vitatu vya kakao. Rangi nyeusi ya dukani huwaachia watoto midomo ya makaa kwenye picha zote.

Pima mistari kwa uzi: mmoja wima, mmoja mlalo, vikutane katikati. Kisha gandamiza ukingo wa bakuli kidogo kulia na kushoto upate pinde mbili zinazopeana mgongo. Fuatisha alama hizo kwa koni ya karatasi yenye tundu la milimita 4. Keki ikae kwenye beseni lenye barafu chini, ndani ya chumba chenye giza, hadi saa yake.

Mapambo

Maputo 40 ya rangi ya chungwa, yajazwe robo tatu tu. Yaliyojaa kabisa hupasuka juani. Chora mistari kwa maka nyeusi baada ya kujaza, bila kukandamiza. Yafunge upande wa kivuli. Ubao wa pointi uwe wa chaki, mkubwa, uonekane na wote, na mtoto mwenye sherehe asiwe yeye wa kuandika. Zawadi za kuondokea zitie kwenye mifuko ya karatasi, kwa kuwa ile ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Ndani yake kalamu, biskuti, picha ya timu. Filimbi usitie.